Uliza Nikujibu: Tramu zimejaa makumbusho, ambulensi zimeenda wapi?

Sijui mmeambizana au vipi, maana mwezi huu barua karibu zote ni za magari makuukuu. Watu wa mahusiano na wa mikopo mtanisamehe, zenu zinasubiri toleo lijalo, leo acha tuongee chuma.

Shikamoo anko. Mi ni nesi, Mtanzania, niko Sheffield huku Uingereza mwaka wa tatu sasa. Jumamosi moja nilikuwa off nikaenda na wenzangu kule Crich kwenye makumbusho ya tramu, yale magari ya abiria yanayopita juu ya reli barabarani mjini, aisee, tramu ni nyingi mpaka macho yanachoka na unapanda kabisa unazungushwa. Wiki iliyofuata nikaenda makumbusho ya huduma za dharura hapa hapa mjini, pale West Bar, kutafuta ambulensi za zamani maana ndo shughuli yangu hiyo, nikazikuta ila si kwa wingi ule, tena ziko pamoja na magari ya zimamoto na ya polisi. Nikabaki najiuliza, ambulensi imeokoa watu wangapi jamani? Mbona tramu ndo zinatunzwa kama mboni ya jicho?
*Nesi wa zamu ya usiku, Sheffield*

Marahaba mwanangu, na pole na zamu.

Nianze na hizo tramu, maana ukijua zilivyopona nusu ya jibu umeshalipata. Mwaka 1948 kundi la watu wanaopenda tramu walikwenda Southampton, mji wa bandari kule kusini, kuzipanda kabla hazijaondolewa, na huko wakakuta zinauzwa, basi wakachangishana wakanunua moja, namba 45, ya mwaka 1903, kwa pauni 10. Pauni kumi! Ila sasa walikuwa na tramu na hawana pa kuiweka, fikiria umenunua tembo mnadani na wewe unaishi chumba cha kupanga. Ikahangaika hivyo miaka mpaka wakaunda chama rasmi 1955, na 1959 ndo wakapata hilo eneo la Crich ulilolikanyaga, ambalo lilikuwa machimbo ya mawe ya chokaa yaliyoachwa, na reli ya machimbo yale enzi zake ilikuwa kazi ya George Stephenson, yule yule wa mambo ya treni. 1963 wakaanza kubeba watu kwa tramu ya kukokotwa na farasi, nayo ilikuwa ya kwenu hapo Sheffield, namba 15, ya mwaka 1874, halafu 1964 wakawasha umeme. Yote hayo wamefanya watu wa kujitolea, wikendi kwa wikendi, wengine walianza vijana wakazeekea humo humo karakana.

Sasa rudi tena kwenye huo mwaka 1948. Mwaka ule ule, tarehe 5 Julai, ndo NHS, yaani huduma ya afya ya taifa huko Uingereza, ilipoanza, na halmashauri zikapewa jukumu la kuhakikisha mgonjwa anapata gari bure, kabla ya hapo ilikuwa vurugu tu, mji huu ambulensi iko chini ya polisi, mji ule chini ya zimamoto, pengine ni watu wa St John, chama cha huduma ya kwanza, wa kujitolea, pengine inabidi ulipe. Kwa hiyo wakati tramu inaagwa na kuuzwa kwa bei ya baiskeli, ambulensi ndo kwanza ilikuwa inaitwa kazini. Watu wanatunza kile wanachoona kinaondoka, na ambulensi haikuwahi kuondoka, inabadilishwa tu, la zamani linatoka asubuhi na jipya linaingia mchana, nani atalia?

Tramu zilililiwa kweli kweli. Glasgow, tarehe 4 Septemba 1962, watu kama 250,000 walijipanga barabarani kwenye mvua kuangalia msafara wa mwisho, na wengine wakaweka sarafu zao za peni juu ya reli zisagwe na magurudumu ili wakae nazo kama kumbukumbu. Sheffield yenu ilishaaga kabla, tarehe 8 Oktoba 1960, na moja ya tramu zilizopambwa kwa siku hiyo, namba 510, iko Crich, bila shaka uliipita. (Halafu 1994 Sheffield hao hao wakarudisha tramu mpya, miaka 34 baadaye, wakachimba tena barabara zile zile, mi huwa nacheka peke yangu nikikumbuka.)

Ambulensi haijawahi kuagwa namna hiyo. Na hapa nitasema langu, usiponikubalia nitaelewa. Tramu mtu aliipanda akiwa mzima, anaenda mpirani, anaenda kumwona mchumba, amekaa ghorofa ya juu anavuta upepo. Ambulensi aliipanda amelala chali anaangalia dari, au hakuangalia kabisa. Akipona hataki kuikumbuka, na asipopona hana wa kumuuliza. Waliolijua lile gari vizuri ni nyinyi, manesi na madereva na wabeba machela, na nyinyi zamu ikiisha mnataka kulala, hamtaki kuchangishana pauni kumi mnunue kazi mkaiweke uani.

Kuna na sababu ya kiufundi. Tramu ni kitu kikubwa cha mbao na chuma, imetengenezwa idumu miaka 30 au 40, ikistaafu mwili wake unauzwa kwa bei ya kutupa na mtu anaufanya banda la kuku au kibanda cha bustani, ambapo bila kukusudia anaihifadhi. Pale Crich kuna ya Leicester, namba 76, iliyokuwa kibanda cha kubadilishia nguo wacheza kriketi, na kuna ya Chesterfield, namba 7, watu walikuwa wameigeuza nyumba, wanaishi ndani kabisa, wakaja kuigundua miaka ya 1970. Ambulensi haina bahati hiyo. Nyingi ni mwili tu uliopachikwa juu ya chasisi ya gari la kawaida la mizigo, ikishachoka wanang'oa vifaa vya tiba, taa na king'ora vinatolewa, inauzwa kama gari la kubebea vitu, linakimbizwa huko mpaka life, mwisho skrepa. Hata makumbusho wakilipata mara nyingi ni ganda, ndani tupu, na kwa ambulensi cha maana ni kilichomo: machela, chupa ya oksijeni, mablanketi, banzi za kufungia mfupa, na ile kengele, maana zamani haikuwa king'ora, ilikuwa kengele inapigwa kengele kweli.

Ukirudi West Bar angalia na jengo lenyewe, usikimbilie magari. Lilijengwa 1900 kuwa kituo cha polisi, zimamoto na ambulensi kwa pamoja, na mahabusu bado zipo unaingia unaziona. Zile ambulensi za farasi ziangalie chini, kwenye springi, maana barabara zilikuwa za mawe na mgonjwa mwenye mguu uliovunjika alikuwa anahesabu kila jiwe. Ukibahatika popote kuona Daimler ya mwishoni mwa miaka ya 1940, ile modeli waliyoiunda tangu mwanzo iwe ambulensi na si gari lingine lililobadilishwa, angalia sakafu yake ilivyo chini. Wewe unayenyanyua watu kila usiku utaelewa kwa nini bila kuelezwa na mtu.

Tena kuna mahali hivi vitu viwili vilikuwa kitu kimoja. London walikuwa wakiwapeleka wagonjwa wa ndui kwa boti kwenye mto Thames, tangu 1884 walikuwa wanalazwa ndani ya meli tatu zilizotiwa nanga kule Long Reach karibu na Dartford, baadaye wakajenga hospitali nchi kavu, ya Joyce Green ikafunguliwa 1903, na kutoka gatini hadi wodini wakaweka reli ndogo, mgonjwa anashushwa kwenye boti anaingizwa kwenye gari la wagonjwa linalokokotwa na farasi juu ya reli. Yaani tramu ambayo ni ambulensi! Sababu yake unaijua vizuri, reli haitikisi, na ugonjwa ule ulikuwa haupitishwi barabarani katikati ya watu.

Anko vipi. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akitwambia kwamba Mombasa zamani palikuwa na magari yakipita juu ya reli humu barabarani, yakisukumwa na watu, na yeye alihadithiwa na mamake. Vijana humu nyumbani wanamcheka eti bibi alikuwa akichanganya na treni. Tafadhali tusaidie.
*Mjukuu, Kibokoni, Mombasa*

Waambie hao vijana wamuombe radhi bibi, alikuwa sahihi kabisa.

Yalikuwepo, tena kisa chake kinachekesha. Mwaka 1890 ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala pwani kabla ya serikali yao kuchukua, iliamua kujenga reli ya kwenda bara, reli nyembamba, upana wa futi 2 tu. Ikaishia maili chache, hela hakuna. Reli yenyewe iliyokuja kufika Kisumu 1901 ni nyingine, pana zaidi, imeanza upya 1896. Sasa zile chuma za mwanzo hazikutupwa, zikaja zikalazwa kwenye mitaa ya kisiwa, juu yake kikawekwa kibenchi chenye kivuli cha turubai, bwana anakaa, na watu wawili wanasukuma kwa nyuma mbio mbio. Kwenye kilima wanasukuma na ulimi nje, kwenye mteremko wanadandia na wao. Njia ilikuwa moja tu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mkikutana uso kwa uso, kimoja lazima kinyanyuliwe kitolewe relini kingine kipite, na sidhani kama bwana mkubwa ndiye aliyekuwa akishuka kusaidia kunyanyua. Wenye vyeo walikuwa na vyao binafsi, kama leo mtu anavyokuwa na gari la ofisi. Ilipofika miaka ya 1920 motokaa zikayamaliza.

Yakiitwa kwa Kiingereza trolley, na leo sisi ukisema toroli mtu anawaza la kubebea saruji na kokoto. Je, ile ni tramu? Mi nasema ndiyo. Gari, reli, barabara ya mjini, abiria, umebaki umeme tu, na mahali pa umeme walikuwa babu zetu.

Ukipata siku pitia Makumbusho ya Reli Nairobi, yapo karibu na stesheni ya zamani, yalifunguliwa 1971. Hata kama hupendi injini (na zipo, zile Garratt kubwa utajiona sisimizi), nenda ukaone behewa alimotolewa Charles Ryall. Huyu alikuwa mkubwa wa polisi wa reli, 1900 alikesha ndani ya behewa hilo stesheni ya Kima akimvizia simba aliyekuwa anakula watu, usingizi ukamshinda, simba akaingia akamtoa dirishani. Behewa lenyewe ni la kawaida tu ukiliangalia, mbao na madirisha, ila simama pale kwenye dirisha ulipime kwa macho, utatoka umenyamaza.

Bosi habari. Mi fundi wa Gerezani, nachonga spea. Nimeona video ya hizo tramu za Ulaya za mwaka 1900 na kitu zinatembea. Swali moja tu, spea wanatoa wapi? Mi hapa Corolla ya 1988 inanitoa jasho.
*Fundi*

Fundi, hawatoi mahali, wanafanya kama wewe. Wanachonga.

Kitu kikiwa cha chuma cha kumimina na kimepasuka, seremala anachonga mfano wake kwa mti, mkubwa kidogo kuliko kitu chenyewe kwa sababu chuma kikipoa kinasinyaa, halafu unatengenezwa kalibu ya mchanga, wanamimina, kinarudi kwenye mashine kinasafishwa mpaka kipimo. Mota za umeme zinafungwa upya waya kwa mkono, koili moja moja, maana zile zinakula volti kama 600 za mkondo mnyoofu, ukikosea hapo inatoka cheche ambayo hutaisahau. Gurudumu halibadilishwi zima, lina tairi la chuma kwa nje, linapashwa moto linatanuka, linavalishwa, likipoa limebana, hilo na wewe ungeweza kesho asubuhi.

Kazi ngumu iko kwenye mwili. Ile tramu iliyotolewa bustanini haina magurudumu wala mota, mwenye nyumba alitaka chumba tu. Basi wanatafuta seti inayofanana kutoka mji mwingine au hata nchi nyingine. Hapo ndo mafundi wenyewe wanagombana, na ugomvi wao naupenda: ukishabadilisha mbao zilizooza, ukaweka magurudumu ya Wabelgiji, waya mpya, rangi mpya, hiyo bado ni tramu ya 1903 au umetengeneza yako ukaibandika namba? Wengine wanasema iache kama ilivyokuja, na mavi ya kuku yake, usiguse. Wengine wanasema tramu isiyotembea ni kabati. Kinachofanyika mara nyingi ni katikati: kila kinachong'olewa kinapigwa picha, kinaandikwa, kipande cha mbao ya zamani kinawekwa stoo hata kama hakitatumika, na rangi kabla ya kupiga msasa wanaikwangua taratibu tabaka kwa tabaka kama kitunguu, ili wajue mwaka gani ilikuwa ya kijani na mwaka gani nyekundu.

Na ukienda huko Crich, getini unapewa peni moja ya zamani, sarafu kubwa ya shaba kama sahani ya kikombe, unampa konda ukipanda, basi unapanda siku nzima. Kuna na tramu ya ghorofa kutoka Johannesburg, namba 60, ilihamia pale miaka ya 1960 baada ya tramu kuondolewa kule kwao. Na kuna moja ya Berlin waliyoibadilisha iweze kuingia watu wa viti vya magurudumu, hiyo mi naiona ndo ya maana kuliko zote, watu wa asili tupu watanisamehe.

Anko shikamoo. Kijijini kwetu kwenye zahanati kuna Landrover ya zamani, 109, ndo ilikuwa ambulensi ya kwanza kuiona, mi mwenyewe mama aliwahishwa nayo nikazaliwa njiani. Imeachwa nyuma ya jiko miaka mingi, watoto wanacheza humo, mwaka jana wameng'oa taa, na sasa nasikia inataka kuuzwa skrepa. Inauma. Nifanyeje?
*Mzaliwa wa njiani*

Marahaba, na jina lako nimelipenda.

Kwanza tulia, usiende usiku na winchi. Hiyo ni mali ya mtu, iwe kanisa au serikali, na lazima ipitie taratibu zake ikiwa inatolewa. Andika barua, omba isimamishwe kwanza kabla ya mnada, na nakala peleka kwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Usidhani magari hawayajali, pale Mtaa wa Shaaban Robert Dar kuna hadi Rolls-Royce ya enzi za mkoloni iliyokuja kutumiwa na Mwalimu. Wanaweza wasilichukue lako, nafasi ni shida kila mahali, ila barua ikiwa na picha nzuri na historia inasomwa tofauti na barua ya malalamiko.

Wakati unasubiri, fanya hivi. Lipandishe juu ya mawe au magogo ili uzito usikae kwenye tairi. Toa betri, maana asidi ikivuja inakula kila kitu, na mafuta yatolewe yote. Mwili wa Landrover una bati la aluminiamu, haushiki kutu kirahisi, ndo maana watu wanadhani gari zima ni zima, lakini chasisi ni chuma na inaozea chini kwa chini, kwa hiyo ingia uvunguni na tochi uigonge gonge, na uangalie sana pale aluminiamu inapokutana na chuma, panapotoka unga mweupe. Turubai weka, ila liwe juu kama paa na hewa ipite pembeni, ukilifunika gubigubi kama maiti unyevu unabaki ndani na utakuwa umeliua mwenyewe.

Rangi usipake! Najua mtasikia hamu, mtachangishana mlete makopo mawili ya nyeupe ling'ae siku ya sherehe. Hayo maandishi ya zamani ubavuni na huo msalaba uliofifia ndo ushahidi wenyewe, ukishapaka umebaki na Landrover yoyote tu. Machela kama bado ipo iingize ndani ya nyumba leo hii. Vichupa vya dawa ukivikuta chini ya kiti vaa glavu umpe mganga wa zahanati, watoto wasiguse. Tafuta na kitabu cha safari za gari, kile dereva alichokuwa anajaza kilometa na alikokwenda, mara nyingi kiko kwenye boksi la makaratasi stoo na panya wanakisoma.

Na dereva wake, kama bado yu hai, muwahi na simu yako umrekodi. Muulize ile barabara masika alikuwa anaipita vipi, nani alikuwa anasukuma gari likikwama, alipokuwa anapiga honi usiku watu walikuwa wanafanya nini. Muulize na siku ya mama yako, huenda akakuonyesha mpaka mti lilipopaki.